Sura moja, migongo miwili: historia ya Peugeot ya buti na Break yake

Kuna swali ambalo wasikilizaji wetu wa Kasongo na Kabambare wanalirudisha kila mara, hasa familia zilizohama makwao na kulipia nafasi katika gari la mtu. Magari mawili yana jina moja, sura moja ya mbele na injini moja. Moja linafika na watu wake wote. Lingine linalala njiani, limekaa chini kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Kwa nini?

Wengi wanamshitaki dereva. Wengine wanashitaki barabara, na barabara yetu kweli ina mengi ya kujibu. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko chini ya gari, upande wa nyuma, mahali ambapo abiria hatazami. Ni historia ndefu, na gari linaloieleza vizuri kuliko yote ni Peugeot, hasa ile 504. Wazee wameijua, vijana wanaiona mifupa yake nyuma ya magereji, na katika Afrika yote, toka Dakar mpaka Nairobi, imebeba watu wengi kuliko ilivyofikiriwa na waliyoichora.

Peugeot ni jamaa ya Ufaransa iliyoanza na chuma kabla hata gari halijavumbuliwa. Mwaka wa 1810 waligeuza kinu cha nafaka kuwa karakana ya chuma cha pua. Wakatengeneza misumeno, wakatengeneza chuma chembamba cha resori za saa, wakatengeneza vinu vya kusagia kahawa. Simba yao ilikuwa kwanza alama ya msumeno. Kwa hiyo watu hawa walijua tangu zamani chuma kinachopinda na kurudi ni kitu gani, na hilo ndilo jambo tunalozungumzia leo: resori, zile ambazo mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaziita springi.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Resori ziko za namna mbili ambazo kila mtu ameziona. Ya kwanza ni ya bapa: mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine, marefu juu, mafupi chini, kama unavyoyaona chini ya lori. Ya pili ni ya kuviringika, kama waya mnene uliozungushwa. Ya bapa ndiyo ya zamani zaidi, kwani ilibeba magari ya farasi kule Ulaya kabla ya mafuta. Ina faida moja kubwa: inabeba mzigo na wakati huohuo inashika ekseli mahali pake, kazi mbili kwa kipande kimoja. Ya kuviringika ni laini zaidi, lakini yenyewe inajua kubeba tu. Kushika magurudumu yasikimbie huku na huku inabidi uweke mikono mingine ya chuma.

Halafu kuna namna ya kufunga magurudumu mawili ya nyuma. Unaweza kuyaunganisha kwa ekseli moja ngumu toka upande hadi upande, ponti kama mafundi wetu wanavyosema, na lile boga la chuma, difu, likiwa katikati yake. Gurudumu moja likipanda jiwe, lingine linainama pia, kwa sababu ni mti mmoja. Au unaweza kuipa kila gurudumu mkono wake, na difu ukaifunga juu kwenye bodi ya gari. Hapo gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari.

Peugeot 404, iliyotoka mwaka wa 1960, ilikuwa ya mti mmoja hata katika gari la kawaida la buti, na juu ya mti huo waliweka resori za kuviringika. Hii ndiyo gari iliyolipa jina la Peugeot heshima katika Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika matope ya mwezi wa 4, barabara za udongo kama zetu. Mwaka wa 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Mwaka wa 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, dereva wa Tanzania, tena na 404. Mwaka wa 1968 mvua ikaua tena karibu wote, yakabaki magari 7, na wa kwanza akawa Nowicki na 404 yake. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumtangazia mtu wa Nairobi au Kampala gari la kununua.

Ni katika mwaka huohuo wa 1968, mwezi wa 9, Peugeot ilipotoa 504. Na hapa ndipo njia zinagawanyika.

504 ya buti waliipa mgongo mpya. Kila gurudumu la nyuma likapata mkono wake uliofungwa kwa mshazari, resori moja ya kuviringika kila upande, na difu ikapandishwa ikafungwa kwenye gari lenyewe. Waliokaa ndani walisema inaelea. Mwaka wa 1969 ilichaguliwa kuwa gari la mwaka huko Ulaya. Miaka miwili baada ya kutoka kwa ile ya buti, mwaka wa 1970, wakatoa ndugu yake ndefu: Break kwa ajili ya mizigo, na Familiale yenye safu tatu za viti. Mbele, ni gari lilelile. Taa zilezile zilizopinda kidogo kama macho ya mtu aliyeamka sasa hivi. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma umetoka mita 2.74 ukafika mita 2.90. Wengi walidhani tofauti imeishia hapo: wameongeza sentimeta 16 na kioo cha nyuma.

Lakini ukilala chini utazame, utakuta mafundi wa Peugeot walirudi nyuma. Break haina ile mikono ya kila gurudumu. Ina ekseli moja ngumu kama 404, na juu yake resori nne za kuviringika, mbili kila upande. Ile ya buti ina mbili, Break ina nne. Si kwa sababu ya kupunguza gharama tu. Walijua nini kitaingia nyuma.

Hebu tufuate mzigo unaposhuka juu ya migongo hii miwili, maana hapa ndipo penye faida kwa anayesafiri.

Chukua ile ya buti. Weka watu wawili mbele, watatu nyuma, mabegi. Safi. Sasa weka watu wanne mbele, watano nyuma, magunia mawili ya mchele ndani ya buti na godoro juu. Resori zinashuka, bodi inashuka, na kwa kuwa difu imefungwa kwenye bodi, nayo inashuka pamoja. Barabara ya udongo iliyochimbwa na malori huwa na mgongo katikati, kati ya mifereji miwili ya matairi. Difu iliyoshuka inaanza kulima mgongo huo. Wakati huohuo ile mikono ya mshazari, ikisukumwa juu kuliko ilivyopangiwa, inageuza magurudumu: juu yanainama ndani, chini yanatanuka nje, kama miguu ya mtu aliyepanua hatua ili ainue gunia. Tairi halikanyagi tena kwa uso wote. Linakanyagia ukingo wa ndani, na ukingo huo unalika haraka, na mwenye gari anashangaa kwa nini tairi bado ni zima ukilitazama kwa nje na waya zimetokea kwa ndani.

Kuna tatizo lingine ambalo mafundi wa vijijini wanalijua. Nguvu ya injini inayofika kwenye difu iliyofungwa juu lazima iende kwenye magurudumu yanayopanda na kushuka. Kwa hiyo pana viungo vya kupinda kila upande, na viungo hivyo vimevikwa mifuko ya mpira yenye grisi. Jiwe moja kali, mfuko unapasuka, grisi inatoka, matope yanaingia. Kiungo hakiombi ruhusa ya kufa.

Sasa chukua Break. Pakia vilevile. Resori zinashuka, bodi inashuka, bomba la moshi linakaribia chini, hilo halikwepeki. Lakini ekseli na difu yake viko palepale vilipokuwa gari likiwa tupu, kwa sababu vinakaa kwenye magurudumu, si kwenye bodi. Urefu toka difu hadi udongo unaamuliwa na tairi. Na magurudumu yanasimama wima, iwe mzigo ni kilo 100 au ni mara tano yake, kwani mti hauna pa kupindia. Tairi linalika sawasawa. Ndani ya ekseli mna vyuma viwili vilivyonyooka tu, havina mifuko ya mpira ya kupasuka.

Hasara zake? Zipo. Mti ule ni mzito, na uzito huo wote unaruka kila gurudumu linapogonga. Break tupu kwenye barabara yenye mikunjo kama ubao wa kufulia inarusha makalio, na abiria wa safu ya tatu anajua hesabu ya mashimo yote. Kwa hiyo ukinunua gari la kwenda ofisini na kurudi, ile ya buti ni bora, na aliyeichora hakukosea hata kidogo. Mimi siungi mkono fundi anayesema mikono ya kila gurudumu ni anasa ya wazungu. Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda Safari na 504 ya buti, mikono yake yote ikiwa mahali pake, juu ya barabara ambazo zingelaza malori. Ila tukumbuke ndani yake walikuwa watu wawili. Hawakubeba mbuzi wala jamaa za shemeji.

Na Peugeot yenyewe haikuona aibu kurudi nyuma. Mwaka wa 1973 walitoa 504 L, gari la buti la bei nafuu, na chini yake wakaweka ekseli ngumu. Ndiyo maana ukikuta 504 ya buti ya zamani usikate maneno kabla ya kuinama. Sura haisemi lolote. Zipo za buti zenye mgongo wa mikono, na zipo za buti zenye mgongo wa mti. Mzee mmoja anakuambia yake haikushuka kamwe, mwingine anaapa yake ilimla matairi, na wote wawili wanasema kweli.

Afrika iliamua haraka. Huko Senegal Break na Familiale zikawa teksi za njia ndefu, zikaitwa "sept-places", yaani nafasi saba, na jina likabaki hata watu walipozidi. Huko Kenya zilikuwa gari za haraka kati ya miji, na watu waliziita Pijo tu: ukisema nimepanda Pijo, kila mtu alielewa ni ile ndefu, na ya bei kuliko basi. Nigeria ilianza kuunganisha Peugeot huko Kaduna mwaka wa 1975. Kenya nayo iliunganisha 504. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 za kawaida mwaka wa 1983, baada ya kupita milioni 3, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea mpaka ndani ya miaka ya 2000. Gari lililochorwa wakati wa De Gaulle lilikuwa bado linatoka kiwandani Afrika wakati watu wana simu mfukoni.

Kulikuwa pia na ndugu wa tatu, pikapu ya 504, iliyotoka mwaka wa 1979. Kwake waliacha kabisa resori za kuviringika nyuma wakarudi kwenye za bapa, kama lori. Tazama mpangilio huo: watu watano, mikono na resori mbili laini. Watu saba au mizigo ya duka, mti mmoja na resori nne. Mizigo mitupu, mti mmoja na mabamba ya bapa. Jina moja, migongo mitatu, na kila mgongo ulichaguliwa kwa kile kitakachokaa juu yake.

Sasa turudi kwetu. Kasongo haina reli mlangoni. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka wa 1911 ili kuruka maporomoko ya Lualaba, iko ng'ambo ya mto, na kituo chetu cha karibu ni Samba. Barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Bukavu kuelekea Mbuji-Mayi, inatupitia, lakini katika sehemu nyingi za kwetu ni barabara kwa jina. Kwa hiyo tangu zamani kila chombo chenye magurudumu kinachofika hapa kinageuzwa lori. Baiskeli inabeba kama gari, pikipiki inabeba kama pikapu, na gari la buti linabeba kama Break. Hatubebi hivyo kwa kupenda. Familia inayotoka upande wa Salamabila kwa usiku mmoja haiulizi mgongo wa gari ni wa namna gani, inauliza kama kuna nafasi. Aliye na gari naye anaona pesa, au anaona huruma, na mara nyingi ni vyote viwili.

Ndipo inapoingia ile dawa ya gereji: kukata vipande vya mpira wa tairi au mbao na kuvisokomeza kati ya mizunguko ya resori ili gari lisishuke. Gari linasimama juu kweli, mwenye gari anafurahi. Lakini resori iliyozibwa haipindi tena. Kila shimo linakwenda moja kwa moja kwenye amotisere na kwenye bati la bodi pale resori inapoegemea, na bati hilo likianza kupasuka hakuna mpira wa kulitibu. Dawa nyingine ni kuongeza bamba kwenye resori za bapa. Hiyo ina akili zaidi, kwa sababu resori ya bapa ilizaliwa hivyo, bamba juu ya bamba. Ila ukizidisha, gari tupu linakuwa gumu kama mkokoteni, na ekseli inabeba kuliko ilivyofanyiwa.

Peugeot zenyewe zimepungua, sasa watu wananunua Toyota. Kisa hakikubadilika. Ukiona ile Probox, ambayo Toyota iliitoa mwaka wa 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, inavyopendwa Afrika ya Mashariki kuliko gari nyingi nzuri zaidi kwa sura, ujue ilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba maboksi. Na Land Cruiser ndefu za mashirika zinazopita hapa na vipeperushi vyao, ule mfululizo wa 70, bado zina resori za bapa nyuma hadi leo, ingawa mbele waliweka za kuviringika tangu 1999. Land Cruiser Prado ya bwana mkubwa ina za kuviringika mbele na nyuma. Daktari na bwana mkubwa hawabebi kitu kimoja.

Basi kwa mama na baba wanaotafuta gari la kusafirisha watoto na vyombo: kabla ya kulipa, zunguka nyuma, chuchumaa, tazama. Ukiona mti mmoja toka gurudumu hadi gurudumu na boga katikati yake, gari hilo linajua mzigo, kama resori zake ni nzima. Ukiona boga limefungwa juu na mikono miwili inatoka kila upande, hesabu watu wa viti tu, na magunia yatafute lori au baiskeli. Kisha rudi nyuma hatua kumi, gari likiwa limekwisha kupakiwa, utazame magurudumu ya nyuma. Yakiwa yameinama juu kuelekea ndani, mwambie dereva ashushe kitu. Atakasirika. Mwonyeshe ukingo wa ndani wa tairi lake.

Na ukikuta kati ya mizunguko ya resori kipande cha tairi la zamani, uliza bei ya nafasi tena, kwa sauti, mbele ya wengine.

Resori za bapa zikichoka, hazitupwi. Mhunzi anajua chuma hicho ni kizuri, anakikata, anakipasha moto, na kinaondoka hapo kikiwa panga au jembe. Ile ya kuviringika mhunzi anaitazama, anaigonga mara moja, na kuirudisha ukutani.